Waliomo Ndani Hawahesabiwi

Sehemu ya saba

Haya ninayoyaandika ni ya kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Najua wapo wasomaji wanaosema mzee huyu anatia chumvi mpaka chakula hakiliki. Hao niliwajibu tangu sehemu ya kwanza na leo narudia: siku nitakayokamatwa na tarakimu ya uongo, hata moja, nitanyoa masharubu haya niliyoyafuga tangu mshahara wangu wa kwanza, mbele ya mashahidi, na mhariri wa gazeti hili ayapokee kwenye bahasha. Tumeelewana? Haya, tuendelee.

Wiki iliyopita tulimwacha Kadirio na simu sikioni, mdomo wazi, chai imempoa mkononi. Mtu wa upande wa pili alikuwa amemwambia maneno saba tu: "Mchezo unafungwa leo kwa tarakimu yako wewe."

Kwa aliyejiunga nasi leo, Kadirio ni mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye kazi yake ni kukisia mchezo fulani wa mtandaoni una wachezaji wangapi. Makampuni yenye michezo hiyo hayasemi, na yakisema yanajipaka mafuta. Basi yeye anapiga hesabu zake, anaziweka kwenye tovuti yake, na watu wanasoma wajue upi bado una watu na upi umebaki magofu. Ofisi yake ni chumba cha nyuma katika nyumba ya Mama Mkubwa, dada wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Mna skrini tatu, moja ina ufa uliozibwa kwa selotepu, na feni inayogeuka kushoto kisha inagoma kurudi.

Aliyepiga simu ni Bwana Swichi. Mchezo ukifa, yeye ndiye anayetumwa na kampuni kwenda kuzima mitambo. Ameshazima kumi na tisa. Wa ishirini ulikuwa Paa kwa Paa.

"Tarakimu yangu ipi?" Kadirio aliuliza.

"Elfu moja mia moja na arobaini. Wachezaji wa kila siku. Umeiandika wewe, tena kwa rangi nyekundu. Wakubwa wanataka elfu kumi. Chini ya hapo, saa sita mchana nazima."

Kadirio akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo.

Hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti chake, pale sebuleni, Mama Mkubwa alikuwa akimwagilia nyanya ndani ya Paa kwa Paa. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Kila mchezaji ana paa lake, juu ya paa ana bustani, na mapaa yamepakana kiasi kwamba ukisimama kwako unamwona jirani. Nyanya zenyewe Mama Mkubwa angeweza kuzisamehe. Kwenye paa la kulia, juu ya benchi, ameketi Baba Mkubwa, kofia ya kazini kichwani, shati la buluu, vile vile alivyojichora mwenyewe. Baba Mkubwa amefariki huu mwaka wa pili. Kila asubuhi mjane wake humwamkia pale kwenye benchi kabla hajamwamkia mtu mwingine yeyote. Bwana Swichi akizima, benchi linakwenda na aliyelikalia.

Kadirio akajaribu kujitetea. Ile ni makadirio tu, akasema, tena ameandika hivyo chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Bwana Swichi akamjibu kwamba miwani ya kusomea herufi ndogo hana. Kisha akaongeza la kumkata maini: hata hesabu yao wenyewe inakubaliana naye. Mlango wao, yaani kile kihesabio kinachoandika kila mchezaji anayeingia, ulionyesha elfu moja na tisini na saba jana.

"Mashahidi wawili, dada. Utasema nini tena?"

"Huo mlango wenu mnajuaje unasema kweli?"

"Tumeulinganisha na tovuti yako."

Kadirio akafungua faili lake la hesabu.

"Na mimi," akasema polepole, "yangu nimeitoa kwenye mlango wenu. Nikaongeza kidogo."

Kumbe mashahidi wale wawili alikuwa mmoja, amebadilisha kofia tu.

Angalau ingekuwa hapo pekee ndipo palipooza. Kadirio akafungua tovuti ya mpinzani wake mmoja. Wachezaji milioni mbili. Huyo anahesabu kila akaunti iliyowahi kufunguliwa tangu mchezo uanze, hata ya paka aliyepita juu ya kibodi. Akafungua ya mpinzani wa pili. Mia tatu na kumi na wawili. Huyo amewauliza vijana kwenye baraza la mtandaoni. Akageukia watu wake mwenyewe, wale mia nane waliojitolea kuweka kihesabio chake kwenye kompyuta zao ili yeye apate pa kuanzia. Wote ni vijana wa michezo ya kupiga bunduki mpaka kuche. Alipowauliza kuhusu Paa kwa Paa, wawili walikuwa wameusikia, na mmoja wa hao wawili alidhani ni kampuni ya mabati.

Miaka sita amekaa kwenye kiti kile akiwauzia watu tarakimu zenye koma na desimali, na leo hakuna hata moja anayoweza kuiegemea isivunjike. Akapiga meza kwa kiganja. Feni ikageuka kushoto, ikagoma.

"Sikiliza," Bwana Swichi akasema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mwezi uliopita nimezima mchezo mmoja, ndani mna watu watatu wanacheza muziki. Nililala vibaya wiki nzima. Niletee hesabu nyingine kabla ya saa sita. Lakini iwe na miguu. Yenye kuning'inia hewani sipeleki kwa mtu."

Akakata.

Kadirio akatoka chumba cha nyuma kama mtu anayepelekwa kituoni. Mama Mkubwa alikuwa mezani, tableti imeegemezwa kwenye kopo la sukari, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Miaka thelathini na moja alipanga barua posta, na bado vidole vyake huenda kabla macho hayajafika. Kadirio alikusudia kumwambia moja kwa moja. Mdomo ukakataa. Badala yake akauliza swali la kipuuzi, la kununulia muda tu.

"Mama Mkubwa, leo umeingia kwenye mchezo saa ngapi?"

"Kuingia? Mimi sijaingia. Nimo."

"Nauliza asubuhi hii uliingia saa ngapi."

"Mwanangu, umelala kweli wewe? Nakwambia nimo humu. Niingie vipi mahali ambapo sijatoka?"

Kadirio akavuta kiti, akaketi.

Mama Mkubwa akamweleza kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Waliotengeneza mchezo ule waliweka ndege. Ukitoka tu, ndege wanashuka kwenye paa lako, na ukirudi hukuti mche hata mmoja, umeachiwa vijiti. Kwa hiyo hatoki mtu. Wanafunika tableti kwa kitambaa, wanakwenda sokoni, wanakwenda kulala, tableti inabaki kwenye chaja. Isitoshe, neno la siri aliliweka Baba Mkubwa siku walipoanza, na aliondoka nalo. Yeye akitoka leo, ndiyo basi.

"Tangu mmeanza hujawahi kutoka?"

"Mwaka wa nne huu."

"Na majirani?"

"Hapa anayetoka tunamsema. Huyu wa kushoto alikwenda kupasuliwa nyongo, tableti ikazimika siku mbili, akarudi kakuta visiki vitupu. Mpaka leo jina lake ni Kisiki."

Kadirio akainuka, akaketi, akainuka tena. Mlango wa Bwana Swichi unahesabu wanaoingia. Asiyetoka haingii. Asiyeingia haonekani. Wale elfu moja na tisini na saba wa jana walikuwa watu waliokatikiwa umeme.

Akamwambia Mama Mkubwa yote pale pale, kwa mkupuo mmoja: saa sita, Bwana Swichi, elfu kumi, na tarakimu nyekundu. Mama Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akatazama benchi la kulia kwa muda mrefu. Kadirio akaona afadhali angetukanwa.

Akapiga simu. Bwana Swichi akapokea kabla haijalia mara ya pili. Kadirio akamwambia aache kuhesabu mlangoni, ahesabu waliomo ndani.

"Kihesabio cha ndani hatujawahi kukifungua."

"Kifungue sasa."

Vibonye vikasikika. Kisha mtu akakohoa.

"Elfu thelathini na nane na mia sita."

Kadirio alipiga kofi hewani, akamkumbatia Mama Mkubwa mpaka kopo la sukari likalala ubavu. Elfu thelathini na nane. Karibu mara nne ya walichokitaka.

"Taratibu, dada," simu ikasema. "Usianze kushangilia."

Hizo ni tableti, Bwana Swichi akamweleza. Ni simu. Ni vyuma vilivyounganishwa. Nani kasema kila chuma kina mtu? Yeye mwenyewe kuna kishikwambi juu ya kabati lake kinachoendesha mchezo wa mbio za farasi tangu mwanawe aanze shule, na mwanawe sasa ananyoa ndevu. Wakubwa wake si watoto wadogo. Watamuuliza swali moja tu: kati ya hao, hai wangapi?

Saa nne na nusu.

Kadirio hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Akageuza macho kwenye kabati la sebuleni. Droo ya juu imefungwa kwa ufunguo, na nyuma yake kuna tundu lililotobolewa kwa msumari, waya mweupe umepita hapo kwenda ukutani. Ndani ya droo ile, tangu siku ya mazishi, mna simu ya Baba Mkubwa, iko kwenye chaja, ikimshikilia mtu kwenye benchi. Ufunguo Mama Mkubwa huuvaa shingoni kwa uzi.

Mama Mkubwa aliona mtoto wake anatazama wapi.

"Na huyu je?" akauliza.

"Mama, natakiwa nihesabu walio hai."

"Nimekuuliza, huyu humhesabu?"

Ingekuwa rahisi kiasi gani kusema ndiyo. Angepeleka elfu thelathini na nane, akasali wakubwa wasiulize, na benchi likabaki. Lakini alishaandika tarakimu moja isiyo na miguu, na angalia ilikowafikisha.

"Siwezi," akasema.

Mama Mkubwa akageukia dirishani. "Miaka yote alisoma mita za umeme za watu, nyumba kwa nyumba. Mvua, mbwa, matusi. Leo mtoto aliyembeba mgongoni anamkata kwenye hesabu."

Lilimwingia Kadirio kama mwiba chini ya kucha. Akasimama pale, mikono haijui iende wapi. Bibi yule akavuta pumzi, na aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Unajua kwa nini hakupandishwa cheo? Wenzake wakikuta nyumba imefungwa walikuwa wanaandika makisio, wanakwenda zao kunywa chai. Yeye hakuwahi kuandika makisio hata siku moja. Alirudi. Mara tatu, mara nne, mpaka afunguliwe. Bosi wake akamwona mzito wa kazi." Akageuka. "Kama humhesabu, basi hesabu kama yeye. Bisha hodi."

Kwenye Paa kwa Paa kuna kitufe cha kuinua mkono, cha kumsalimia jirani. Chuma kilichosahauliwa kabatini hakiwezi kukibonyeza. Kadirio akamwambia Bwana Swichi ahesabu mikono, kila mtu mara moja tu, hata kama atapunga mpaka kesho. Bwana Swichi akasema hilo analiweza kwa dakika kumi. Asiloliweza ni kuwatangazia wachezaji, kwa sababu amri ya kufunga imeshafunga na ubao wa matangazo.

"Kwa hiyo watajuaje?"

"Hapo ndipo sijui, dada."

Kutoka nyuma yao Mama Mkubwa akasema, "Barua."

Akasogeza kopo la sukari, akanyoosha vidole. Kila paa lina majirani wanne: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Atawaandikia wake, kila mmoja awaandikie wake, na atakayeipata mara mbili asiirudishe. Ujumbe wenyewe aliuandika mfupi, kama simu ya maandishi ya zamani iliyolipiwa kwa neno: kama uko hai, inua mkono kabla ya saa sita, waambie wa kando yako.

Kisiki akajibu wa kwanza. Akauliza, na kama mtu yuko hai nusu?

Mama Mkubwa akamwandikia ainue nusu ya mkono, na aache kujiona, nyongo imetolewa moja tu.

Ungedhani mambo yangekwenda kama moto kwenye nyasi. Wapi. Watu wa mapaa ni watu wazima, na mtu mzima haambiwi inua mkono akainua tu. Mmoja akataka kujua nani ametuma na kwa cheo gani. Mmoja akaapa ni wezi wa mtandaoni, akawakataza wenzake kumi. Mmoja alifurahi kupata pa kusemea, akaandika malalamiko ya kurasa mbili kuhusu ndege, mkono hakuinua. Mwingine aliitika vizuri sana, akasimama sebuleni kwake, akainua mkono wake mwenyewe mbele ya skrini, akangoja ahesabiwe.

Saa tano kamili, mikono mia nne na kumi na miwili.

Kadirio alikuwa anatembea kutoka dirisha hadi mlango. Miaka sita alidhani tatizo ni hesabu. Kumbe hesabu ilikuwa sehemu rahisi.

Saa tano na dakika ishirini, elfu tatu mia tisa. Ikapanda, ikapanda, ikafika elfu sita na mia mbili, ikasimama. Dakika moja. Mbili. Bwana Swichi akapiga simu kwa kunong'ona: mkubwa wake ameingia, amesimama nyuma ya kiti.

"Imekwama wapi?" Kadirio akauliza.

Mama Mkubwa alikuwa ameshaona. Barua ilikuwa imefika kwenye safu ya mapaa ambayo majani yamefika kiunoni, wenyewe wameketi tu, vichwa vimeinama. Safu nzima ya watu wa kwenye droo. Barua inafika kwao na haiendi popote. Ng'ambo ya safu ile kulikuwa na mapaa mengine mengi, yamemwagiliwa, yanang'aa, hayana habari.

Akavua miwani ya kusomea, akavaa ya kushonea. Kisha, kwa mara ya kwanza ndani ya miaka minne, Mama Mkubwa akaacha paa lake. Akaruka la kwanza. Akaruka la pili. Akapita katikati ya wale walioinama, akimwomba kila mmoja radhi kwa sauti, samahani mzee, samahani dada, napita tu, vidole vikienda kama enzi za mifuko ya barua za mwisho wa mwaka. Nyuma yake ndege wakashuka kwenye nyanya. Bibi hakugeuka.

Akafika ng'ambo, akabisha paa la kwanza lenye maji.

Mikono ikaanza tena. Elfu saba. Elfu nane. Elfu tisa na mia tatu, na saa sasa ni sita kasoro dakika saba. Kadirio alikuwa ameuma ukucha mpaka kwenye nyama. Elfu tisa mia nane. Elfu tisa mia tisa na themanini. Saa sita kasoro dakika mbili, tarakimu ikapanda mara moja zaidi na kusimama kabisa.

Elfu tisa mia tisa tisini na tisa.

Mmoja. Amepungua mmoja. Mama Mkubwa alishainua, wa kwanza kabisa. Kisiki alishainua, wote. Wafanyakazi wa kampuni hawahesabiwi. Na Kadirio, bingwa wa wachezaji wa dunia nzima, hakuwahi kufungua akaunti ya Paa kwa Paa maishani mwake, na kujenga paa jipya huchukua dakika kumi.

Hapo, kwenye benchi la kulia, kofia ya kazini ikasogea.

Mkono wa buluu ukapanda. Polepole, kama wa mtu aliyekaa muda mrefu bila kuutumia. Ukafika juu, ukabaki.

"Elfu kumi," Bwana Swichi akasema kwenye simu, sauti nyembamba kama uzi. "Nani huyo?"

Kadirio akatazama mikono ya Mama Mkubwa. Yote miwili ilikuwa mdomoni mwake. Akatazama droo. Imefungwa. Ufunguo uko shingoni.

Na mimi, wasomaji wangu, nilikuwa nimekusudia kuwaachia hapo hapo muikose usingizi wiki nzima. Karatasi nilishampa mhariri, kofia nilishavaa. Mlango wa ofisi ya gazeti ukafunguliwa akaingia Kadirio mwenyewe, mzima, na chapisho la kompyuta limekunjwa mara nne.

Akaniamkia vizuri, kwa heshima zote. Kisha akauliza hiyo elfu tisa mia tisa tisini na tisa nimeitoa wapi.

Nikamwambia ni karibu na hapo.

"Mzee, ilikuwa elfu kumi na sitini na mbili. Saa tano na dakika hamsini na moja. Mchezo ulishapona dakika saba kabla ya mkono wa Baba Mkubwa kuinuka. Bwana Swichi alikuwa ameshavaa koti aende kula."

Nikajaribu kusema kwamba hadithi inapendeza zaidi mkono ukiwa wa mwisho. Nikajaribu kusema ni makadirio. Hilo neno lilinitoka kabla sijalizuia, na mhariri akaanza kutafuta bahasha.

"Baba Mkubwa asingekuandikia makisio," Kadirio akasema. "Angerudi mpaka umfungulie."

Basi tukaenda kwa kinyozi, watatu, mtaa wa pili. Ahadi ni ahadi. Nikaketi, nikafungwa shuka, mhariri akashika bahasha wazi chini ya kidevu changu kama mtu anayekinga maji ya mvua. Upande wa kushoto ulipokuwa unakwenda nikauliza, kwa kona ya mdomo iliyobaki huru, kama na ule mkono nao niliutia chumvi.

"Mkono ni kweli," Kadirio akasema. "Hapo hukuongeza kitu. Uliinuka wakati hakuna aliyeuhitaji."

Nikauliza kama wamefungua droo.

"Tumeifungua leo asubuhi. Mama Mkubwa ndiye aliyezungusha ufunguo." Alikuwa anatazama sakafu, penye nywele zangu. "Chaja imo, waya umo. Simu haimo."

Kinyozi akasimamisha wembe. Kushoto nilikuwa nimekwisha, kulia bado.

Nikamwambia amalizie tu.